Mbolea ya ruzuku: jirani kapata ujumbe, mimi simu imenyamaza

Nilijisajili kwa chifu 2023 na nikachukua mbolea. Msimu huu jirani ameitwa, mimi kimya. Nimefutwa? (Mkulima, Kiminini, Trans Nzoia)

Kabla ya kumwendea chifu kwa hasira, tazama simu yako. Ujumbe wa kuchukua mbolea huenda kwa nambari uliyoandikisha, basi. Wazee wengi waliandikisha nambari ya kijana wao. Kijana sasa yuko Nairobi, ujumbe ameupokea na kuufuta akidhani ni wa mikopo. Wengine walipoteza laini. Nenda na kitambulisho kwa chifu au kwa afisa wa kilimo wa wadi, uombe yakaguliwe mambo matatu: nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ekari. Hilo la tatu usilidharau, kwa maana idadi ya mifuko hutokana na ekari. Aliyeandikiwa nusu ekari ilhali analima tatu atalia kila msimu.

Mbona tusipewe pesa mkononi kama wakulima wa Amerika? (Cherangany)

Kwetu Kenya ruzuku imo ndani ya bei. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia) ulikuwa ukifika shilingi 6,500 madukani. Septemba mwaka huo serikali ikaushusha hadi 3,500, na Agosti 2023 ukawa 2,500. Tofauti hiyo ndiyo pesa yako, ila huioni. Kule Marekani kweli malipo huingia benki, bei ya mahindi au soya ikianguka. Lakini usiwaonee wivu mno: fedha nyingi huishia kwa wenye mashamba makubwa, kwa kuwa hesabu hufuata ekari. Na sisi je? Mwenye ekari 20 hubeba mifuko mingi kuliko mama wa robo ekari, ambaye nauli ya pikipiki kutoka ghala la NCPB (bodi ya serikali ya nafaka) inaweza kumlia nusu ya nafuu. Ndiyo maana mimi hupigia debe maghala ya vyama vya ushirika vijijini kuliko kushusha bei tena.

Nimekodi shamba, hati si yangu. (Kwanza)

Anayesajiliwa ni mkulima na ekari anazolima. Nenda na makubaliano yenu ya kukodi, na mzee wa kijiji anayekujua. Ekari hizo hizo zisiandikwe kwako na kwa mwenye shamba pia.

Ile mbolea bandia ya 2024 bado inanitia hofu. Nitaijuaje? (Saboti)

Una haki ya kuogopa. Machi na Aprili 2024 ilibainika kuwa bidhaa zisizofaa ziliuzwa katika mpango huu huu, serikali ikaahidi fidia. Mei, Bunge la Taifa lilipiga kura kumtimua Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kisha kamati teule ya wabunge ikasema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Kwa macho na vidole pekee huwezi kupima virutubisho. Tunza risiti, acha gunia tupu na kopo la mbolea hiyo mahali pakavu, mpaka mahindi yaonyeshe matokeo yake. Bila hivyo huna ushahidi.

DAP kila mwaka, mavuno yanashuka. (Endebess)

Udongo wa sehemu nyingi za Trans Nzoia una asidi, na DAP huuongezea. Unaendelea kununua kwa bei nafuu kitu kinachokuumiza! Pima udongo kwanza. Ukiambiwa uweke chokaa ya shambani, imwage wiki kadhaa kabla ya kupanda, halafu ukichukua mbolea uliza kama kuna NPK (mbolea yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu).

Jirani anauza ya kwake kwa 3,500. Ninunue? (Kitale)

Usinunue. Huna risiti, na hujui kilichotiwa ndani ya gunia baada ya kutoka ghalani.