Usichomelee ekseli, kereza mpya

Ndugu, umeuliza kama fundi anaweza kukata ekseli mbili na kuziunga kwa kuchomelea, zifikie difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya gari la kasi unalojiundia. Usikubali kabisa. Injini ya msokoto wa Nm (newtonimita) 300, ikipita gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.5 na difu yenye uwiano wa 4, inapeleka msokoto wa Nm 4,200 kwenye ekseli zako, na joto la kuchomelea huharibu uimara wa chuma kandokando ya mshono. Hapo ndipo patakatika.

Tafuta chuma cha 4340 (aloi imara ya nikeli, kromiamu na molibdeni), kikerezwe, kichongwe meno, kisha kiimarishwe kwa joto. Kipenyo kinapobadilika, fundi aache kona ya mviringo. Kona kali huanzisha ufa. Urefu upime gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki.