Kabla hujaandika "atashtakiwa": kwa mwandishi mpya wa kesi za Marekani

Mdogo wangu uliyeingia dawati la kimataifa juzi, kuna kosa nililifanya mapema na sitaki ulirudie. Nyaraka za siri zilipokutwa nyumbani kwa kiongozi mmoja wa Marekani, niliandika kana kwamba kukutwa nazo kunatosha kumtia mtu hatiani. Mhariri akaifuta aya nzima, akaniuliza, "Alijua anazo?" Sikuwa na jibu.

Mwendesha mashtaka huanzia hapohapo. Sheria ya Ujasusi ya 1917 humbana anayekaa na siri za ulinzi kwa kudhamiria. Kifungu cha uzembe mkubwa kipo, ila ni nadra kutumika. Muhuri wa siri kwenye karatasi hausemi lolote kuhusu nia ya aliyeiweka kabatini.

Soma ripoti ya Robert Hur, mwendesha mashtaka maalumu, kuhusu Joe Biden, ya Februari 2024. Isome yote, usiishie kwenye muhtasari. Nyaraka za siri kuhusu Afghanistan zilikutwa kwenye gereji ya nyumba yake Delaware, ndani ya boksi lililochakaa, jirani na kitanda cha mbwa, ndoo tupu, taa mbovu iliyozungushiwa utepe wa gundi na udongo wa kupandia maua. Mara ya kwanza niliiruka orodha hiyo. Kumbe ni hoja ya kisheria: wajumbe wa jopo, yaani raia wanaoamua kama mtu ana hatia, wakiiona gereji ile, wanaweza kusema aliyeweka vitu hapo alishavisahau. Ilikuwepo pia sauti ya mwaka 2017, Biden akimwambia mwandishi aliyemsaidia kuandika kitabu chake kwamba amekuta vitu vya siri orofa ya chini. Hur aliupima ushahidi wote, akaona hautaondoa shaka mbele ya jopo. Hakushtaki.

Swali la pili: alipoombwa arudishe, alifanya nini? Mawakili wa Mike Pence, makamu wa rais wa zamani, walitoa taarifa wenyewe, na uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Donald Trump alishtakiwa Juni 2023 kwa makosa 37, na upande wa mashtaka ulidai kuwa maboksi yalihamishwa ili wakili wake mwenyewe asiyaone. Andika "ulidai". Jaji Aileen Cannon aliifuta kesi Julai 2024 kwa sababu ya namna Jack Smith, mwendesha mashtaka maalumu wa kesi hiyo, alivyoteuliwa. Ushahidi haukufika kwenye jopo.

La tatu wengi hulisahau, nami naliona zito sana. Kesi husikilizwa hadharani. Sheria ya 1980 kuhusu taarifa za siri mahakamani inaruhusu jaji kukubali muhtasari badala ya waraka wenyewe, lakini idara yenye siri bado hujiuliza kama iko tayari kuona siri yake ikiguswa mahakamani. Kwa hiyo waraka mzito kuliko yote unaweza usionekane kabisa kwenye hati ya mashtaka.

Ukiitwa kulinganisha adhabu, anza na David Petraeus, jenerali na mkuu wa zamani wa shirika la ujasusi CIA. Alimpa mwandishi wa wasifu wake madaftari 8 yenye siri nzito. Mwaka 2015 alikiri kosa dogo, akapewa miaka 2 ya uangalizi na faini ya dola 100,000.