Kabla hujamimina, geuza kikasha

Wadogo zangu wa karakana, pipa la taka limejaa tena. Vikasha vya plastiki vya vyumba sita, vile tunavyomiminia nta ya manukato, vipya kabisa, vimejikunja kingo na kutoboka matumbo, na nta ya mchaichai imegandia humo nusunusu. Aliyevimimina ananiambia plastiki ya soko la Kikuubo hapa Kampala siku hizi ni feki. Plastiki haina kosa, dada. Uliitoa nta jikoni ukaileta mezani ikiwa ya moto vilevile, kwa sababu boda alikuwa nje anapiga honi. Naandika haya mara moja, tusije tukaulizana tena wiki ijayo.

1. Geuza kikasha, soma namba. Chini pana pembetatu ndogo yenye namba ndani, inayotaja aina ya plastiki. Namba 1 ni PET, ile angavu tunayoipenda kwa kuwa mteja anaona rangi. Inaanza kulegea karibu na nyuzi 70, na ikiwa nyembamba huanza kujipinda hata kabla. Namba 5 ni PP, yenye ukungu kidogo. Inastahimili hata 100, na mwenye mkono wa haraka aanze nayo. Namba 6 nitaifikia huko chini, mtanivumilia. Kisicho na namba kirudishe kwa mwenye duka hata kama amekupunguzia bei.

2. Kuna joto la kuchanganyia na kuna joto la kumiminia. Hapa ndipo kila kundi jipya huanguka. Mafuta ya manukato yanaingia nta ya soya ikiwa kwenye 75 hadi 80, unakoroga taratibu dakika mbili, halafu unaepua sufuria na unangoja. Unangoja! Soya tunayotumia sisi inayeyuka karibu na 50, kwa hiyo ikishuka hadi 60 anza kumimina, na ukifika 55 uwe unamalizia. Muda wa kungoja una kazi zake: futa trei, panga lebo, mjibu yule mteja wa WhatsApp anayeuliza bei aliyokwisha kutajiwa. Ninyi mnachanganya kwenye 80 na kumimina kwenye 80, kisha mnanitazama mimi.

3. Kipimajoto kikae katikati ya nta, kisiguse chini ya sufuria. Kijana wetu mmoja, mwenye bidii sana, alikipima kipimajoto kipya kwenye maji yanayochemka, kikasoma 96. Akakirudisha dukani, akagombana na muuzaji, akapewa kingine. Nacho kikasoma 96. Alikuwa njiani kukirudisha cha tatu nilipomkamata mlangoni. Jamani, Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye 96. Kipimajoto kilikuwa kizima, muuzaji alikuwa mkweli, na mpaka leo nikipita pale dukani nasalimia kwa unyenyekevu.

4. Nta ya nyuki kutoka West Nile, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni nzuri, naipenda kuliko zote, lakini haiyeyuki mpaka ifike 62 au 64. Ili imiminike vizuri lazima uwe karibu na 70, yaani palepale PET inapolegea. Imimine kwenye kalibu za silikoni, ipoe, ndipo uihamishie kwenye kikasha. Msinijie na habari za "nitawahi haraka haraka".

5. Sasa namba 6. Niliwahi kupata oda ya kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao, huko Mukono. Mama wa binti alitaka kila mgeni aondoke na kikopo cha nta yenye harufu ya machungwa. Vikasha vyetu vya kawaida vilikuwa vimekwisha mjini, nami nikakuta vikopo vigumu, vyenye kung'aa, vizuri kuliko chochote nilichowahi kushika katika kazi hii. Chini, namba 6. Nikajiona mjanja, nikasema sinunui kabla ya kujaribu. Nikayeyusha nta, nikamimina kwenye 60, nikakaa nikikitazama kikopo. Kimya. Nikamimina kwenye 70 kukitafutia ubaya. Kimya vilevile. Nikarudi nikanunua vyote.

Nta niliyojaribia haikuwa na manukato. Niliona ni israfu kupoteza mafuta ya bei ghali kwa jaribio la joto. Siku ya kazi yenyewe nikatia mafuta ya maganda ya machungwa, tena nikazidisha, maana nilitaka hema zima linukie. Tukafunga riboni za dhahabu, tukapiga picha, nikavipeleka mapema kama mtu mstaarabu.

Kesho yake simu ikalia. "Mwanangu, vikopo vyako vinatoa jasho." Sikuelewa hata nilipofika. Kila kikopo kilikuwa na nyufa nyembamba kuzunguka tumbo, ukikishika kinanata kwenye vidole, na mafuta yalikuwa yamepita hadi kwenye kitambaa cha meza, ambacho kilikuwa cha kukodi. Senga wa binti, yaani shangazi yake, amekwisha vaa gauni lake la gomesi, akakiinua kimoja kwa vidole viwili. Ukingo ukabaki mkononi mwake, nta ikaanguka chini. Hakusema neno. Alikiweka kile kipete cha plastiki mbele yangu na kuendelea na shughuli zake.

Sehemu kubwa ya mafuta ya maganda ya machungwa ni limonini, na limonini inaila plastiki namba 6 hata nta ikiwa imepoa kabisa. Joto halikuhusika. Nilirudisha pesa, nikalipa kitambaa, hayo yamepita. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama mbele ya wale akina mama nikasingizia jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Basi mkijaribu chombo, jaribuni kwa nta ileile, mafuta yaleyale na kipimo kilekile, mkiache wiki nzima kabla ya kununua katoni. Namba 6 haiingii karakana hii, hata ije bure.

6. Mafuta ni gramu 60 hadi 80 kwa kilo ya nta, kwa mizani, si kwa kizibo cha chupa. Yakizidi, soya haiyashiki, yanatoka juu na kukaa kwenye plastiki.

7. Vikasha vipangwe kwenye trei ya chuma, viachane. Ukivipanga juu ya taulo joto halina pa kutokea, na ukivibebanisha kabla havijapoa unajua mwenyewe. Chombo kirefu kimimine kwa awamu mbili: safu nyembamba kwanza, ishike, ndipo ujaze, kwa sababu nta nyingi hukaa na joto muda mrefu. Kifuniko kifungwe nta ikiwa imepoa, si "karibu imepoa".

8. Umeme ukikatika tunatumia sigiri, sawa, lakini sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji siku zote. Ikishika moto, ifunike. Maji usithubutu.

9. Kikasha kilichomiminwa vizuri bado kinaweza kuharibikia njiani. Gari lililofungwa madirisha juani linapita 50 bila taabu, na soya yetu hapo inarudi kuwa supu. Kuanzia Desemba hadi Februari, jua la kaskazini likiwa kali, mzigo wa Arua unapanda basi la usiku, katoni imesimama wima, na mwenye kuupokea awe ameshapigiwa simu kabla basi halijaondoka. Oda ya Ijumaa ni ya huko, na lebo zake bado hazijakatwa.