Kampala–Masaka na Masaka–Kampala kwenye jedwali moja, unafuta ipi?

Ndugu, umesema jedwali lako la umbali lina Kampala–Masaka na pia Masaka–Kampala, kilomita zilezile, unataka ibaki rekodi moja. Hiyo ilinikuta nikitengenezea ofisi ya vifurushi karibu na basi paki hapa Kampala mfumo wa kupiga bei kwa kilomita, kila karani alikuwa anaingiza njia akianzia kwake, wa Gulu anaanza na Gulu, wa Mbale na Mbale, basi karibu kila njia ikawa na pacha.

Nilichofanya mara ya kwanza usikifanye. Jedwali liliitwa njia, lina kolamu id (namba ya rekodi), mji_a (unakoanzia), mji_b (unakoishia) na km. Nilijoini jedwali na lenyewe, yaani kulinganisha rekodi zake zenyewe kwa zenyewe, mji_a wa huku sawa na mji_b wa kule na mji_b wa huku sawa na mji_a wa kule, nikafuta kila rekodi iliyopata mwenzake. Sasa angalia, Kampala–Masaka ina mwenzake, inaenda, na Masaka–Kampala nayo ina mwenzake, inaenda pia! Zikabaki njia zisizo na pacha tu. Saa mbili asubuhi karani ananipigia, mteja yuko dirishani na gunia la viatu vya kupeleka Lira na mfumo unasema njia haipo. Bakapu ya usiku ndiyo ilituokoa, lakini mpaka irudi bei ziliandikwa kwa mkono na yule mteja alisimama pale karibu saa nzima, iliniuma sana.

Unatakiwa uongeze sharti ambalo haliwezi kuwa kweli pande zote mbili, na alfabeti inatosha. Kwa hifadhidata ya MySQL (y na z ni majina ya mkato ya jedwali lilelile njia):

DELETE y FROM njia y JOIN njia z ON y.mji_a = z.mji_b AND y.mji_b = z.mji_a WHERE y.mji_a > y.mji_b;

Kampala inatangulia Masaka, kwa hiyo inaondoka Masaka–Kampala peke yake, na njia isiyo na pacha haiguswi. Kwenye PostgreSQL, hifadhidata nyingine, unaandika DELETE FROM njia y USING njia z, halafu masharti yote matatu yanakaa kwenye WHERE.

Ila kabla ya kufuta weka SELECT y.*, z.* mahali pa DELETE y, ongeza AND y.km <> z.km mwishoni, utazame kwa macho yako. Mimi nilikuta Kampala–Gulu 333, Gulu–Kampala 33, mtu alisahau tarakimu moja, na kwa kuwa Gulu inatangulia Kampala kialfabeti, ile rekodi mbovu ndiyo ingebaki. Kama km ya upande mmoja ni NULL (yaani haijajazwa) hiyo <> haitaionyesha, itafute yenyewe. Na Fort Portal na Fortportal kwa kompyuta ni miji miwili, sahihisha majina kwanza.

Kitu kimoja naomba ukishike sana, kama jedwali lina nauli usifute chochote. Umbali ni uleule kwenda na kurudi, nauli siyo, mwezi wa 12 watu wanatoka Kampala kwenda vijijini nauli ya kutoka inapanda huku gari likirudi nusu tupu, baada ya mwaka mpya inageuka. Hata jedwali la wadhamini wa mikopo la SACCO, mimi kukudhamini wewe na wewe kunidhamini mimi ni dhamana mbili tofauti kabisa, ukifuta moja umepoteza deni la mtu.

Ukimaliza weka CHECK (sharti ambalo hifadhidata inalikagua kila rekodi inapoingia) ya mji_a < mji_b pamoja na UNIQUE moja ya kolamu zote mbili kwa pamoja (njia ileile isiingie mara mbili), na apu ipange majina kabla ya kusevu. MySQL ya chini ya 8.0.16 inaipokea hiyo CHECK halafu inaipuuza kimya, kwa hiyo angalia vesheni yako. Na zile njia zisizo na pacha zilizoandikwa kinyume lazima uzigeuze kwanza, lakini usiandike SET mji_a = mji_b, mji_b = mji_a, MySQL inasoma kutoka kushoto kwenda kulia Masaka–Kampala itakuwa Kampala–Kampala. Fanya hivi:

UPDATE njia y JOIN njia z ON y.id = z.id SET y.mji_a = z.mji_b, y.mji_b = z.mji_a WHERE z.mji_a > z.mji_b;

Ikikugomea bandika hapa ujumbe wa kosa wote, usiufupishe.