Orodha ya kadi za mgao si orodha ya kaya. Usipime mtoto hata mmoja kabla hujahesabu nyumba

Mkuu, hebu simama hapo hapo. Umesema wiki ijayo mnaanza tathmini ya lishe na afya kambini, mmepewa orodha ya kadi za mgao 4,300, mtachukua kila kadi ya saba, na "kaya isipopatikana tunahamia kwa jirani". Halafu ukauliza programu gani ya simu inafaa, dodoso liwe na maswali mangapi, mpime damu au msipime, na wajawazito waingie au wakae nje. Maswali mazuri. Ila yote umeyajenga juu ya orodha, na orodha yenyewe imeoza.

Nasema hivyo kwa sababu nilishaitumia njia hiyo hiyo, neno kwa neno, na ripoti ikaishia kabatini. Aliyenishauri alikuwa mtaalamu wa kuja na kuondoka, kizibao chenye mifuko kumi na miwili, akaniambia orodha "imesafishwa juzi tu". Imesafishwa na nani, kwa sabuni gani, hakusema. Na mimi kwa heshima zangu sikuuliza. Mifuko yote ile ilinitisha.

Sasa sikiliza. Kaya, kwa SMART (mwongozo wa kimataifa wa tathmini za lishe) na kwa SENS (mwongozo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi), ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kadi ni karatasi ya kupokelea chakula. Familia moja inaweza kuwa na kadi mbili, basi nafasi yake ya kuchaguliwa ni mara mbili. Kadi moja inaweza kubeba vyungu vitatu, na mdadisi akifika atahoji chungu kilicho karibu na mlango. Waliohama hawarudishi kadi, na waliofariki hawaondolewi haraka, kwa kuwa jina likifutwa na kilo zinapungua. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Upande wa pili, waliofika majuzi bado hawajaandikishwa, na watoto wao ndio hasa wenye hatari kubwa ya kukonda. Hawamo kwenye orodha kabisa. Hakuna hesabu ya ofisini itakayowarudisha.

Tuweke namba. Tuseme unatarajia ukondefu, yaani watoto wenye uzito mdogo kwa urefu wao, wa 12% na unataka usahihi wa 3% juu na chini. Unahitaji watoto 451. Kaya ina wastani wa watu 5, na watoto wa miezi 6 hadi 59 ni 16% ya watu, basi ni watoto 0.8 kwa kaya: kaya 564. Ongeza 8% ya watakaokosekana au kukataa, unafika 613. Ukigawa 4,300 kwa 613 unapata 7, ndiyo hiyo saba yako. Safi kwenye karatasi. Lakini kama kadi 900 kati ya hizo ni mizimu, kadi 128 hivi katika sampuli yako hazina mtu. Zinabaki 485, zitoe na wale 8%, unaishia na watoto 357 au pungufu. Hapo ndipo mdadisi, jua la saa saba, anapoambiwa "hamia kwa jirani" na kushukuru Mungu.

Jirani aliyepo nyumbani si sawa na jirani asiyekuwepo. Asiyekuwepo yuko kwenye foleni ya maji, ameenda kuni, au amelala na mtoto wake kwenye wodi ya utapiamlo mkali. Ukimruka mara moja si kitu. Ukimruka mara 128 umeshaandika ripoti ya watu waliokuwa na nafasi ya kukusubiri.

Na usidhani tofauti ni ya desimali. Chukua mfano: mtoto mmoja kati ya watano ni wa waliofika karibuni, na kati yao ukondefu ni 20%; kwa waliobaki ni 9%. Kambi nzima ni 11.2%. Ukiwakosa wageni unaripoti 9%. Kwa viwango vya WHO, kuanzia 10% hadi chini ya 15% ni hali ya juu, na kuanzia 5% hadi chini ya 10% ni ya kati. Kwa hiyo umeshusha kambi daraja zima, na mtu aliye mbali mwenye kalamu nyekundu ana sababu ya kufuta uji wa ziada wa watoto.

Dawa ni miguu. Gawa kambi kwa bloku, wape wadadisi wawili wawili, watembee nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya kupima, wakiipiga kila kaya namba yake. Swali ni moja tu mlangoni: jana usiku walilala watu hapa, na wanakula chungu kimoja au zaidi? Vyungu viwili, namba mbili. Duka, jiko la nje, msikiti, kanisa, nyumba iliyofungwa ambayo jirani anasema walishahama: hakuna namba. Imefungwa lakini jirani anasema wako kuni: namba inapigwa. Jozi moja inamaliza nyumba 200 hivi kwa siku, kwa hiyo jozi sita zinakula kambi yako kwa siku tatu. Siku tatu! Mimi ningezilipia mfukoni kama ningejua.

Kabla ya hapo zungumza na wenyeviti wa bloku, watangaze kwamba hesabu hii haigusi kadi wala kilo. Na usiwape wadadisi orodha ya kadi waishike mkononi. Watu wakiiona tu, nyumba iliyohamwa mwaka jana itapata wakazi wanane ndani ya dakika kumi.

Ukipata, tuseme, nyumba 3,400, gawa kwa 613: 5.55. Usiikate kuwa 5. Ukienda kwa 5 na kusimama ulipofikisha 613, umeishia nyumba ya 3,065, na zile 335 za mwisho hazikuwa na nafasi hata kidogo. Nani anajengewa mwisho wa kambi? Waliofika jana. Chagua namba ya kuanzia kwa bahati nasibu kati ya 1 na 5.55, mfano 3.20, kisha ongeza 5.55 kila mara na utupe desimali: nyumba ya 3, ya 8, ya 14, ya 19.

Nyumba ikichaguliwa imechaguliwa. Hawapo, rudi jioni, rudi tena kabla timu haijaondoka kwenye bloku ile. Wakikosekana andika "hawakuwepo" na usonge mbele bila mbadala. Ile 8% uliiweka kwa kazi hiyo. Watoto wote wa miezi 6 hadi 59 wanapimwa, si mmoja wa kuwakilisha wenzake. Mtoto aliyelazwa mfuate wodini. Mwenye ulemavu usiopimika urefu anabaki kwenye sampuli: chukua kinachowezekana na mkague uvimbe, kidole gumba juu ya kila mguu kwa sekunde tatu. Na kaya isiyo na mtoto hairukwi, maana maji, vyoo, chakula na vyandarua vinaulizwa huko pia. Wadadisi huiruka hiyo kuliko zote, kisha wanaapa haikuwepo.

Damu, haya, pimeni. Tone la kwanza na la pili futa, tumia la tatu, na usimkamue kidole, maji ya mwilini yatachanganyika na usomaji utashuka. Himoglobini chini ya gramu 10.5 kwa desilita kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, chini ya 11 kwa wa miezi 24 hadi 59, chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Mtoto aliye chini ya 7 anapewa rufaa siku hiyo hiyo. Kopo la vijaribio, vile vya kuchukulia tone la damu, lifungwe kila unapochomoa kimoja, unyevu unaviharibu kimya kimya.

Lakini naona unataka kunitoa kwenye nyumba. Rudi kwenye nyumba. Namba zipigwe kwa rangi, usitumie chaki. Mvua moja ya usiku ikishuka, timu yako asubuhi itasimama katikati ya bloku ikiulizana ya 14 ilikuwa ipi, na kuna mtu atasema "tuingie hii tu".