Kifundo kinachoteguka mara kwa mara: kwa wanaoanza kazi ya fiziotherapia

Ninyi mnaoanza mafunzo ya vitendo hapa Kisumu mtakutana mapema na mgonjwa ambaye mguu wake uliteguka zaidi ya mwaka mmoja uliopita, uvimbe ukaisha, akarudi kazini, lakini tangu hapo kifundo humpinduka kila anapokanyaga changarawe. Huenda akawa mchuuzi wa soko la Kibuye, mvuvi wa ufuo wa Dunga au mchezaji wa kandanda. Msimtibu kama mtu aliyeumia jana. Mara nyingi kano za upande wa nje zimelegea, na pamoja na kulegea huko, hisia zinazoujulisha ubongo mguu umekaaje zimevurugika, jambo ambalo daktari Freeman na wenzake walilieleza huko Uingereza mwaka wa 1965. Iwapo ameteguka upya, mpapaseni kwanza mifupa ya kifundo, na akishindwa kupiga hatua 4 apelekwe kupigwa picha ya eksirei kabla ya jambo lolote.

Kisha, kabla hajapanda kitandani, mwangalieni akitembea. Nasisitiza hili kwa sababu nililikosea mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimhudumia mama aliyekuwa akiuza ndizi. Nilimpima kwa kumsimamisha mbele ya ukuta, kisigino kikiwa chini, goti likisogezwa hadi liguse ukuta; kadiri vidole vya mguu vinavyoweza kukaa mbali na ukuta, ndivyo kifundo kinavyokunjika zaidi. Mguu mzima ulifika sentimita 9 kutoka ukutani, mbovu 4 tu. Baada ya majuma kadhaa ya tiba ya mikono, yaani kukisogeza kifundo kwa mikono ya tabibu, mguu mbovu ulifika 8, nami nikamruhusu aende nikiamini kazi imekwisha. Hazikupita siku nyingi akarudi kifundo kimevimba, akaniambia, "Daktari, mguu bado unanitupa." Nilimwomba radhi, kisha nikamwomba atembee ukumbini, na hapo ndipo nilipoona nilichopaswa kuona siku ya kwanza.

Wayo wake ulikuwa umegeukia ndani ungali hewani, ukapita karibu mno na sakafu, kisigino kikatua kwa ukingo wa nje. Katika hatua ya kawaida uzito huanzia kisiginoni, ukapita kwenye wayo na kumalizikia kwenye kidole gumba, lakini kwake ulibaki upande wa nje karibu hadi mwisho. Mguu unaotua hivyo huhitaji kijiwe kidogo tu ili upinduke, na misuli ya nje ya muundi haiwahi kuuokoa.

Je, tiba ya mikono ni bure? La hasha. Mara nyingi talasi, mfupa unaokaa chini ya muundi, hautelezi vyema kurudi nyuma, kwa hiyo kifundo hakikunjiki vya kutosha mwili unapopita juu ya wayo. Mbinu ninayoipenda ni ile ya Brian Mulligan wa New Zealand: mgonjwa husimama, mkanda hupitishwa nyuma ya muundi karibu na kifundo na kuvutwa mbele taratibu, mkono wa tabibu ukiizuia talasi, huku mgonjwa mwenyewe akisogeza goti mbele. Pasiwe na maumivu. Yakitokea, badilisheni mwelekeo wa mvuto au acheni. Kifundo hufunguka, na usawa wa kusimama kwa mguu mmoja nao huweza kuimarika. Ila uwezo wa kukunja kifundo ni kitu kimoja, na namna ubongo ulivyozoea kuutua mguu ni kitu kingine.

Kwa hiyo, mara tu mkanda unapofunguliwa, mgonjwa atembee. Watafiti wa Marekani wamejaribu kufunga taa ya leza juu ya kiatu, mgonjwa akaona ukutani jinsi mguu wake unavyogeuka na kuurekebisha, na mzigo wa upande wa nje ukapungua. Sisi hutumia mstari wa chaki, kioo kirefu na simu inayorekodi kwa mwendo wa polepole. Mgonjwa akijiona mwenyewe huelewa haraka kuliko tunavyoweza kumweleza. Zoezi la kusimama kwa mguu mmoja afanye nyumbani kila siku, akiwa karibu na ukuta wa kushikilia.

Yule mama tulianza naye upya, na safari hii sikumruhusu aende hadi alipotembea nje kwenye kokoto, akiwa na karai lenye uzito wa ndizi zake kichwani, nami nikiwa nyuma yake nikitazama kisigino.