Milioni 12, hatifungani au vitunguu: jibu la aliyepita njia zote mbili

Mdogo wangu uliyeuliza, umesema umelipwa kiinua mgongo cha shilingi milioni 12, shangazi yako anataka zote ziende kwenye hatifungani za serikali, yaani uikopeshe serikali kwa riba, na rafiki yako anataka mkodi ekari sita za vitunguu Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, msimu huu. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: wapo wanaosema hatifungani ni za wastaafu, na wapo wanaosema kilimo ni kamari. Mimi nimefanya yote mawili, na nilianza kwa mpangilio mbaya, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Mwaka 2014, nikiwa mwalimu wa sekondari, nilikopa milioni 6 kwenye SACCOS yetu, yaani chama cha akiba na mikopo, nikaongeza akiba yangu ya milioni moja na nusu, nikalima ekari nne hapohapo Ruaha Mbuyuni. Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya msimu uliotangulia, ambapo gunia lilifika shilingi 110,000 shambani. Kila aliyeisikia bei ile alipiga hesabu kama yangu, tukahamisha miche shambani majuma yaleyale, na kwa hiyo tukavuna majuma yaleyale. Kitunguu kilichokaushwa vizuri kinaweza kusubiri bei kikiwa ndani ya banda lenye hewa, lakini mimi sikuwa na banda, na mvua ya siku tatu ilitukuta tumeshang'oa, shingo za vitunguu zikiwa bado mbichi. Nakumbuka nilivyobonyeza kimoja shingoni, kidole kikazama, yakatoka maji ya kahawia. Dalali alinipa shilingi 25,000 kwa gunia, tena la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Magunia 116 yaliyosalimika yaliniletea shilingi 2,900,000.

Hasara ile niliimeza. Kilichonikosesha usingizi ni mdhamini wangu, mwalimu mwenzangu, ambaye mwaka uliofuata alitaka kukopa ada ya mwanawe akaambiwa kwamba akiba yake bado imeshikiliwa kwa ajili ya mkopo wangu. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alinisalimia ofisini kama kawaida, nami nikashindwa kumtazama usoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu halikuwa kuthubutu, wala halikuwa vitunguu, bali ni kuthubutu kwa fedha ambayo ikipotea inamwangusha na mtu mwingine.

Deni liliisha mwaka 2017. Niliendelea kujikata mwenyewe kiasi kilekile nilichokuwa nakatwa, hadi mwaka 2019 nikanunua hatifungani ya miaka 20 ya shilingi milioni 6, yenye riba ya asilimia 15.49. Riba hiyo ni shilingi 929,400 kwa mwaka, nayo huingia kwa mafungu mawili, kila baada ya miezi sita. Kwa kuwa tangu mwaka 2018 mfumuko wa bei nchini umekuwa chini ya asilimia 5 kwa mwaka, fedha hiyo haijapoteza uzito wake kwa kasi. Riba ya mwaka mzima ndiyo iliyonirudisha shambani, safari hii kwenye nusu ekari tu, kwa sababu haikutosha zaidi ya hapo. Msimu mmoja ugonjwa wa ukungu uliniachia karibu patupu. Niliumia, lakini sikumwendea mtu yeyote kuomba, na baada ya miezi sita fungu jingine likaingia. Msimu uliofuata nilipata magunia 31, nikayahifadhi kwenye banda la miti na nyasi nililolijenga mapema, nikauza kwa shilingi 80,000.

Shangazi yako naye umwelewe kwa makini, kwa sababu njia ya tahadhari ina mitego yake. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa hadi asilimia 12.10, sisi tuliokwisha kununua hatukuguswa, lakini aliyekuwa akisubiri alikuta masharti mengine. Vilevile, ukihitaji fedha yako kabla ya muda itabidi umtafute mnunuzi kwenye soko la hisa kupitia dalali wa hisa, na bei utakayopewa inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo kufungia milioni 12 zote kwa miaka 20, kwa kijana asiye na ajira kwa sasa, naona ni kukosea kwa upande wa pili.

Ningekuwa wewe, ningeweka milioni 3 mahali zinapotoka haraka, kwa mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ziwe za kula na kodi ya nyumba hadi upate kazi. Milioni 7 ningenunulia hatifungani. Milioni 2 zilizobaki ningelima nazo ekari moja, si sita, bila mkopo na bila mdhamini, na kabla ya kukodi ningehakikisha banda la kuhifadhia limeshasimama.

Rafiki yako mwombe daftari la matumizi na mauzo ya misimu yake mitatu iliyopita, ukiwemo ule uliomwendea vibaya. Kisha, kabla hujasia mbegu kitaluni, nenda soko la Ilala, Dar es Salaam, alfajiri mbili mfululizo, uhesabu malori ya vitunguu yanayoshusha, na uwaulize madereva wametoka wapi na huko mashamba yamefikia hatua gani.